Kilima Alichokiezua Nyamizi

Nyamizi akifika kwenye nyumba ya mtu huiangalia kuanzia juu. Wenzake hupiga hodi wakitazama mlango. Yeye jicho hupanda kwenye bati kwanza, na kabla salamu hazijaisha ameshajua bati hilo ni la geji gani, limepigiliwa misumari mipya au ya kuokoteza, na kama papi, zile mbao zilizolibeba, zimeingiwa na mchwa. Kuta hazimshughulishi. "Udongo ni mali ya mvua," huwaambia wanaomuuzia. "Mimi nanunua kile ambacho mvua imeshindwa."

Pale Ngokolo, mjini Shinyanga, wanamwita Mama Ritha. Uani kwake kumejaa mabati yaliyotumika, milango iliyoegemezwa kama watu waliochoka, fremu za madirisha, na kenchi zilizofunguliwa na kufungwa upya kwa kamba. Ananunua kwa wanaohama vijijini. Anauza upande wa Bugarama, kwenye makazi ya wachimbaji, ambako mtu aliyepata jiwe la maana leo anataka alale chini ya paa lake kesho, na hana muda wa kuuliza paa hilo lilifunika akina nani zamani. Hakuna aliyemfundisha kazi. Alianza na mlango mmoja, akaja kumiliki kirikuu, kile kigari kidogo cha mizigo, pamoja na dereva wake Onesmo. Binti yake Ritha yuko chuoni kwa ada inayotokana na mabati.

Mabati yaliyomtoa kimaisha yalitoka Mwajilunga, kilimani alikozaliwa.

Mwajilunga kiko juu, kati ya majabali, mbali na barabara, na maji yake yako bondeni. Watu walianza kukihama kabla Nyamizi hajanunua hata msumari. Waliondoka vijana kufuata dhahabu, kisha wake wa vijana kufuata waume, kisha watoto kufuata mama zao. Lakini wakati ule mtu akiondoka alikuwa anafunga kufuli. Ufunguo anamwachia jirani. Mvua za kwanza zikinyesha unamwona anapanda kilima na jembe begani, anafungua mlango, anafagia mavi ya popo, analima mpunga wake na viazi vyake, anakaa mpaka mavuno. Nyumba yenye paa ilikuwa na mwenyewe hata kama mwenyewe yuko Geita.

Ndipo Donatus, mtoto wa baba yake mdogo, akampigia simu Nyamizi kutoka machimboni. "Dada, bati langu linakaa bure huko. Nishushie, uniuzie, nipate pa kuanzia." Nyamizi akaenda, akashusha, akauza vizuri. Habari ikasambaa kilimani kabla ya jioni: kumbe nyumba inaweza kugeuka nauli! Mwaka ule ule wakamwita wawili. Mwaka uliofuata wakapanga foleni. Naye hakumlazimisha mtu. Alikuwa analipa papo hapo, na hakuwahi kushuka kilima akidaiwa.

Ila aliyeshusha bati hakurudi tena kulima. Angelala wapi? Mvua za misimu miwili zinatosha kuyeyusha kuta za udongo. Linabaki tongo, yaani kichuguu cha mahali palipokuwa na mji wa watu, na ua wa minyaa umesimama kuuzunguka, mbichi, kama unaolinda kitu. Mwajilunga kikawa matongo, na minyaa, na mbuzi wa watu wa kijiji cha chini wanaopanda kula maboga yaliyojiotea. Zikabaki nyumba mbili zenye moshi. Moja ya mama yake Nyamizi, Mageni. Ya pili ya Mzee Bujiku na mkewe Rhoda, ng'ambo ya ua.

Hili Nyamizi aliliona kwa miaka kama unavyoona hali ya hewa. Halikumuuma mpaka siku mama yake alipoanguka.

Mageni alikuwa anaokota kuni kwenye majabali, akateleza, mguu ukaingia kwenye ufa. Akapiga yowe. Kwa Wasukuma yowe, wenyewe huliita mwano, si kelele za mtu mmoja. Ukilisikia unalipokea, unalipiga kwa sauti yako wewe, na jirani yako analipokea, mpaka vijiji vitatu viko mbio na fimbo mkononi. Asiyetoka hutozwa faini, na akirudia hutengwa. Bujiku akalisikia. Akalipokea. Akapanda juu ya jiwe akapiga yowe kuelekea chini. Chini yake palikuwa kwa Donatus, kwa George fundi baiskeli, kwa mzee Kulwa na wanawe, nyumba ambazo kila moja ilikuwa inapokea sauti na kuitupa kwa inayofuata. Yowe likaingia kwenye minyaa likafia humo. Kijiji cha chini hawakusikia kitu. Bujiku na Rhoda, watu wazima wenye wajukuu, wakamlaza Mageni kwenye kitanda cha kamba wakambeba wawili tu, wanampumzisha kila baada ya mwendo mfupi, mpaka barabarani. Tangu siku hiyo Rhoda hainui ndoo bila kushika kifua.

Hospitali, Bujiku alimsimulia Nyamizi, akimwita mwanangu kwa Kisukuma kama siku zote. "Nimepiga yowe mpaka nikajiona kama mwendawazimu, ng'wanone. Nikawa najiuliza, hivi watu wote wamekwenda wapi?"

Aliuliza bila ubaya, kama mtu anayeshangaa tu. Kama angemtukana, Nyamizi angejua la kujibu. Matusi ya wateja ameyazoea. Alilipa bili, akanunua dawa, akamsihi mama ahamie Ngokolo. Mageni akakataa. "Nikae sebuleni kwako natazama televisheni kama kuku wa kufungwa? Kule juu nina mtama wangu, nina kaburi la baba yako. Nina jirani."

Alikuwa na jirani. Nyamizi akamrudisha kilimani, akashuka na neno hilo, akalishika kama mtu anavyoshika kamba ya kisima.

Kwa hiyo Bujiku alipompigia simu mwisho wa kiangazi akasema, "Mama Ritha, pita uniangalizie bati," Nyamizi alimfikiria mama yake kwanza.

Alikwenda na kirikuu. Bujiku alikuwa amekaa nje anachonga mpini.

"Mwadila, baba."

"Mwadila, ng'wanone. Loo, umekuja na gari kabisa! Umeshaninunua hata hatujaongea."

"Gari lilikuwa linapita tu."

"Linapita?" Rhoda akadakia kutoka jikoni. "Barabara hii ikipita hapa kwetu inakwenda wapi tena? Mbinguni?"

Wakacheka wote, Onesmo kuliko wote. Kisha wakamweleza. Binti yao Noela kajifungua mapacha kule Bugarama. Mumewe anashinda kwenye duara, shimo la kuchimbia, anatoka humo mweupe kwa vumbi na usingizi. Mtoto mmoja akilala wa pili anaamka. Noela analia kwenye simu. Wazee wameamua kwenda kukaa naye moja kwa moja. Bati likiuzwa, watajenga chumba nyuma ya anapopanga, mwenye kiwanja ameshakubali.

"Na mama yako tumeshamwambia," akasema Rhoda kwa sauti ya chini. "Amesema twende. Wajukuu hawangoji."

Nyamizi akaomba ngazi, akapanda. Aligonga bati kwa vifundo vya vidole, hapa na pale. Lilijibu zito, kama sufuria nene. Lilikuwa bati la mwaka wa pamba nzuri, la aina ambayo viwandani hawaitoi tena, bati ambalo angelipeleka Bugarama wangeligombania. Kutoka pale juu aliuona ua wa mama yake. Mageni alikuwa anaanika michembe juu ya jiwe, mkono mmoja kwenye fimbo, mwingine unasambaza vipande vya viazi, taratibu, mguu mbovu ameunyoosha pembeni kana kwamba si wake.

Akashuka. Akajifuta mikono.

"Baba, nikuambie ukweli?"

Katika biashara yake, maneno hayo huwa hayafuatwi na ukweli.

"Sema."

"Hili limekwisha. Ukilitazama kutoka chini unaliona zima, lakini misumari imelila. Nikilishusha litanikatikia mikononi. Halafu Bugarama sasa hivi wanataka la rangi, jekundu, bluu. Hili la zamani wanaezekea mabanda ya kuku. Nitakupa hela ambayo hata tofali hutapata. Subiri. Kaa nalo, tuone mwakani bei itakuwaje."

Bujiku aliacha kuchonga. "Marwa alipita hapa akasema ni bati zuri." Marwa alikuwa mnunuzi mwenzake Nyamizi, wa upande wa Isaka.

"Marwa anasifia kila kitu mpaka siku ya kulipa."

"Hilo kweli," Bujiku akacheka kidogo. Akalitazama paa lake muda mrefu. "Basi. Angekuwa mgeni ndiye anayesema hivi ningembishia mpaka jua lizame. Lakini wewe ni mtoto wa hapa."

Safari ya kushuka Onesmo, ambaye naye amejifunza kugonga bati, alimtupia jicho. "Mama, lile bati..."

"Endesha gari."

Rhoda akaenda Bugarama peke yake. Bujiku akabaki kulinda nyumba na mbuzi. Nyamizi alijipatia visababu, na kwa kuwa ni mfanyabiashara alivipanga vizuri: kwamba hakuchukua kitu cha mtu, kwamba bati bado liko juu ya nyumba ya mwenyewe, kwamba mama ni mama. Kila kimoja alikigeuza akakitazama chini na juu. Hata yeye mwenyewe hakukinunua.

Siku moja alipeleka milango Bugarama akamkuta Rhoda kando ya njia, pacha mmoja mgongoni, mwingine mapajani, anakaanga maandazi.

"Mama Ritha! Njoo uwaone watani wako." Akamfunulia uso wa yule wa mgongoni. "Huyu ni Kulwa. Yule mkorofi ndiye Doto."

"Hamjambo kabisa?"

"Tunaishi. Kitanda kimoja, Noela na watoto. Mimi nalala nimekaa, nimeegemea ukuta. Nimezoea, ukizeeka usingizi wenyewe si mwingi." Akageuza andazi. "Nilikuwa naomba nikuone nikushukuru. Mwingine angechukua bati letu kwa hela ya chumvi, tukabaki hatuna huku wala kule. Wewe ulituambia ukweli."

Nyamizi akainama kuokota kitu ambacho hakikuanguka.

"Na mzee? Anakula nini?"

"Anakula kwa mama yako. Ananiambia kwenye simu kwamba amenenepa." Rhoda akasonya kwa mapenzi. "Muongo. Mwanamume akisema amenenepa wakati mkewe hayupo, ujue suruali inashikwa na kamba."

Nyamizi alikwenda dukani akarudi na sukari, sabuni, na nguo za watoto. Rhoda alikataa, akakataa tena, akapokea huku machozi yakimlengalenga. Nyamizi aliondoka amejisikia vibaya kuliko alivyofika. Amelipia vitu vingi maishani. Hicho alichojaribu kukilipia pale hakikuwa kinauzwa.

Haukupita muda mrefu simu ikaita, namba ya Bujiku, lakini sauti ya mama yake.

"Njoo na gari. Na njoo na hela."

"Kuna nini, mama?"

"Kuna biashara."

Aliwakuta wamekaa mbele ya nyumba ya Bujiku, Mageni ameketi kwenye kigoda na fimbo imelala magotini. Kweli kamba ilikuwa kiunoni kwa Bujiku.

"Shikamoo mama. Shikamoo baba."

"Marahaba. Kaa." Mageni hakungoja akae. "Jana nampa mwenzangu ugali, namuuliza, hivi kwa nini usiuze bati ukamfuata mkeo? Unajua amenijibu nini? Bati limeoza. Nani kasema? Mwanao. Naambiwa hivyo mimi, Nyamizi! Mimi ndiye niliyewapikia uji mafundi siku ya kuezeka nyumba hii. Nimechukua fimbo, nimekuja, nimeligonga. Sasa sema mwenyewe, nisiseme mimi."

Onesmo alikumbuka ghafla kwamba gari lina kasoro, akaenda kuinama nyuma yake.

"Baba," Nyamizi akasema. "Bati lako ni zima. Halina shida yoyote. Nilikudanganya."

Bujiku alimtazama, si kwa hasira. Alionekana kama mtu aliyeulizwa swali kwa lugha asiyoijua. "Ili uje ulinunue rahisi?"

"Hapana. Ili usiondoke. Ukiondoka wewe mama anabaki peke yake. Na wale wengine... wale wengine niliwanunua mimi."

Mbuzi mmoja akapanda juu ya kuta za tongo la Donatus, akasimama pale kama mwenye nyumba.

"Ungeniomba," Bujiku akasema.

"Ungekubali?"

Mzee akafikiri kwa haki kabisa. "Sijui. Ndiyo maana ungeniomba." Halafu, "Rhoda analala amekaa, unajua?"

"Najua."

"Unajua." Akatikisa kichwa, akatazama pembeni. Hilo ndilo lililomwingia Nyamizi mpaka mfupani, kwamba yeye mwenyewe alikuwa amesema najua.

"Na mimi," Mageni akaongeza, "hukuniuliza kama nataka mlinzi wa kufungwa kwa uongo. Haya. Leo mimi ndiye dalali wa Bujiku. Taja bei yako."

Nyamizi akataja.

"Hiyo ya bati au ya kutu yake?"

Akapandisha.

"Mtoto huyu nilimnyonyesha mimi," Mageni akamwambia Bujiku, "lakini angalia anavyonitazama, kama anataka kuniuzia mlango. Panda."

"Mama, hapo nimefika bei ya bati jipya!"

"Basi kanunue jipya. Si ulisema wanataka la rangi?"

Bujiku alikohoa, ilikuwa karibu na kicheko. Nyamizi alipanda tena, na tena, akijua mahali ambapo faida inaisha, akapapita pale, akaendelea. Kenchi na papi zikahesabiwa peke yake. Milango peke yake. Hata jiwe la kusagia Mageni alilitia bei. Walipokubaliana ilikuwa bei ambayo hakuna bati lililotumika limewahi kupata katika ukanda mzima wa dhahabu, na Nyamizi alitoa pesa akaona haimuumi hata kidogo, jambo ambalo lilimtisha. Alikuwa ametegemea kwamba ikiuma itapunguza kitu.

Bujiku alizipokea kwa mikono miwili, kwa adabu, kama anazipokea kwa mgeni. Hakumwita tena ng'wanone. Aliaga kaburi la baba yake mwenyewe, akamuaga Mageni kwa salamu ndefu ya Kisukuma isiyotaka mtu wa tatu, akafunga mbuzi kwenye kirikuu.

Onesmo akachukua mtaimbo. "Tuezue sasa hivi au turudi kesho?"

"Acha."

"Tuache bati la hela yote ile?"

"Nimesema acha. Mpeleke mzee Bugarama."

Kwa sababu kichwa cha Nyamizi hakijui kukaa bure, kilikuwa kimeshapata njia. Nyumba ni yake, paa liko juu. Atatafuta mpangaji. Si mpangaji hata. Atampa mtu nyumba bure, shamba bure, sharti moja tu, aishi. Mwanamke aliyewahi kumuuzia mchimba dhahabu mlango usio na bawaba atashindwa kugawa nyumba?

Alishindwa.

Alianza na Mwanaima, mama ntilie wa pale Bugarama ambaye kila siku analalamikia kodi.

"Bure?" Mwanaima akaweka mwiko chini. "Bure ya Mama Ritha? Mwenyezi Mungu aniepushe. Kuna maiti humo ndani?"

"Hakuna kitu. Nyumba nzima, bati zito, shamba."

"Maji?"

"Bondeni."

"Bondeni ni mbali kiasi gani?"

"Ni... bondeni."

Mwanaima akacheka mpaka wateja wakageuka. Wa pili aliuliza shule. Wa tatu aliuliza kama simu inashika, akaambiwa ukipanda juu ya jiwe inashika, akasema asante, mimi si pimbi. Mchimbaji mmoja mzee, aliyefukuzwa mgodini na ugonjwa wa kifua, alielekea kukubali. Akamsikiliza mpaka mwisho, akauliza swali moja tu, kwa upole.

"Kwenu kuzuri hivyo, mama, mbona wewe unakaa Ngokolo?"

Nyamizi alishukuru akaondoka, akakaa kwenye kirikuu bila kumwambia Onesmo waende wapi, naye Onesmo, ambaye si mjinga, hakuuliza.

Jumamosi alipakia godoro, jiko, masufuria, ndoo, na sanduku la nguo. Funguo za ua wa Ngokolo akampa Onesmo, akamwambia biashara iendelee. Yeye atakuwa anashuka asubuhi na kupanda jioni, na siku asizoweza kushuka wasimngoje. Kuhusu Mwajilunga hakuwa na maagizo. Hapakuwa na cha kununua huko tena.

Mageni alikuwa anapepeta mtama uani. Aliliona godoro linashushwa kwa Bujiku, akaendelea kupepeta.

"Nani kapanga?"

"Mimi, mama."

"Mpaka lini?"

Nyamizi hajawahi kufunga mapatano bila tarehe. Alisimama pale na ndoo mkononi, akatafuta tarehe ya kumpa mama yake, akakosa. "Sijui."

Mageni akapuliza makapi. "Mimi sikukuita."

"Najua."

"Na watu hawa," akaonyesha kwa kidevu upande wa matongo, "waliondoka kwa miguu yao. Hilo sikulaumu, wala sikusifu. Lakini Bujiku ulimtia pingu kwa mdomo, na Rhoda kalala ameegemea ukuta. Usifikiri ukilala humo ndani umeshalipa."

"Sijafikiri, mama."

"Haya." Akamwangalia kwa mara ya kwanza, kuanzia miguuni, viatu vya mjini. "Vua hivyo. Njia ya bondeni ina mawe. Kuna ndoo yangu pia pale mlangoni, chukua na hiyo."

Nyamizi akavua viatu, akachukua ndoo zote mbili, akashuka. Njia ya maji ilipita katikati ya ua wa kila mtu aliyemfahamu.